Mkate wenye nambari

Leo ni siku ya tatu tangu nirudi kutoka sho ya kilimo ya Mkomani, ambako niliushindanisha mkate wangu, na kadi ndogo ya mwamuzi bado nimeibandika kwenye mlango wa kabati la vyombo, mahali ambapo kila nikiingia jikoni ni lazima niione. Imeandikwa kwa kalamu ya buluu, kwa mwandiko wa mtu aliyekuwa na sahani nyingi za kupitia kabla ya adhuhuri: «Rangi nzuri. Juu mwepesi. Chini umelala.» Ni maneno sita tu, na katika miaka yote niliyooka mkate wa mayai sijapata kuambiwa maneno yaliyonifaa kuliko hayo.

Maonyesho ya kilimo watu wengi hapa Mombasa huyajua kwa ng'ombe wa maziwa, mbegu, matrekta, na pembea zinazowafanya watoto wasitake kurudi nyumbani. Chama cha Kilimo cha Kenya, ambacho asili yake ni mwaka 1901, kiliwekwa kwa ajili ya mashamba na mifugo, na mpishi anayekwenda pale na sufuria yake huhisi kwanza kwamba amekosea mlango. Lakini katika banda la kikundi kimoja cha kina mama palikuwa na meza ndefu iliyotandikwa kitambaa cheupe, na juu yake vyakula vya kuokwa vilivyopangwa kwa nambari. Wangu ulikuwa nambari 14. Jina langu halikuandikwa popote ambapo mwamuzi angeliona, na jambo hilo ndilo ninalotaka kuliandika kabla sijalisahau lilivyonigusa.

Katika nyumba zetu, mkate ukishawekwa mbele ya mgeni, mgeni hasemi kasoro. Atasema mashaallah, atasema mkono wako haushuki, na hata kipande kikimkwama kooni atakiteremsha kwa chai na kuongeza cha pili kwa heshima ya mwenye nyumba. Adabu hiyo naipenda, nami nimelelewa nayo, ila ina gharama yake: mwanamke anaweza kuoka tangu usichana wake hadi uzee bila ya kujua kwa hakika kazi yake imefika wapi, kwa sababu kila kilichotoka mkononi mwake kililiwa, kikasifiwa, kikaisha. Pale Mkomani, kwa mara ya kwanza, mtu asiyenijua mimi wala mamangu aliuinamia mkate wangu kama fundi anavyoinamia mlango uliochongwa na fundi mwenziwe.

Nilisimama karibu nikamwona. Kwanza hakuukata. Aliuzungusha sahani nzima apate kuona kama umeiva sawasawa pande zote, akaubonyeza katikati kwa kidole kimoja na kusubiri uinuke wenyewe, kisha akaugeuza akatazama tako lake. Ndipo akachukua kisu cha meno, akatoa kipande chembamba, akakiinua usawa wa macho kuelekea upande wa mwanga. Hata mimi niliyesimama hatua tatu nyuma niliuona ule mstari: chini kabisa, unene wa uzi wa kushonea, rangi ya manjano iliyokoza, kama pindo la kitambaa lililolowa maji, pale ambapo mkate haukuumuka. Hapo sikuhitaji kadi.

Mkate wa mayai hauna pa kujificha. Ni mayai, sukari na unga, na iliki ya kunukia. Hauna mafuta, na kwa namna tulivyofundishwa sisi hauna hata hamira. Kinachouumua ni hewa tupu, ile inayoingia wakati wa kupiga mayai na sukari mpaka vigeuke vyeupe na vizito, kiasi kwamba ukiinua mwiko, kinachodondoka kinakaa juu kwa muda kabla ya kuzama. Baada ya hapo unga hutiwa kwa kuchekechwa, kidogo kidogo, na huchanganywa kwa kuinua kutoka chini kwenda juu, bila kukoroga. Ukiutia wote kwa pamoja, unazama kwa uzito wake. Ukiukoroga ili kuutafuta ulikozama, unapasua vipovu vile vile ulivyovihangaikia nusu saa nzima. Alfajiri ile dereva wa tuktuk alikuwa ameshapiga honi mara mbili, nami nikaumimina unga wote mara moja. Makaa niliyapanga vizuri, mengi juu ya kifuniko na machache chini, ndiyo maana rangi ikasifiwa. Lakini moto mzuri haurekebishi unga uliotiwa kwa pupa.

Waliokuja na vyombo vyao nawakumbuka wote. Palikuwa na bibi mmoja wa Likoni aliyevuka feri akiwa amepakata mkate wa sinia, ule wa mchele na tui, na hakukubali mtu yeyote ampokee hadi alipoufikisha mezani kwa mikono yake. Palikuwa na kijana wa Kisauni ambaye kazi yake ni kuoka katika hoteli, aliyeniambia kwamba kule kazini huoka vitu vingi kwa siku lakini hajui nani anavila. Bibi yule na kijana yule walikaa benchi moja wakazungumza juu ya tui, kama lichujwe mara moja au mbili kabla ya kusagiwa mchele, kwa muda mrefu kuliko walivyoyangoja matokeo.

Nimekuwa nikisoma namna mashindano haya yanavyoendeshwa kwingine. Uingereza, keki ya sponji ya Victoria hutarajiwa kuwa na jemu ya rasiberi katikati na sukari laini tu juu, na mwamuzi anaweza kupunguza alama akiona michoro ya waya wa kupozea kwenye uso wake. Lakini lililonivutia zaidi ni la Australia, katika jimbo la New South Wales, ambako shindano la keki ya matunda huwapa washiriki wote maelezo mamoja ya mapishi, mpaka ukubwa wa vipande: zabibu kavu kubwa zikatwe vipande viwili au vitatu, cheri vipande vinne hadi sita. Anayeshinda katika maonyesho ya mji wake huoka keki ya pili kwa ajili ya kanda, na akishinda tena huoka ya tatu kwa ajili ya fainali ya jimbo kwenye maonyesho makubwa ya Pasaka mjini Sydney. Wote wana vitu vile vile na vipimo vile vile, kwa hiyo kinachopimwa ni mkono.

Niliposoma hayo niliwaza kwamba mkate wetu wa mayai tayari ni shindano la namna hiyo, ila haujawahi kupewa meza yake. Fomu tuliyojaza ilikuwa na neno moja tu, keki, na mkate wangu ukawekwa kati ya keki za siagi zilizopambwa, jambo ambalo si haki kwake wala kwa hizo keki. Vileja navyo vinastahili kundi lao, vitazamwe kama vinayeyuka mdomoni au vinavunjika kabla ya kufika. Mkate wa sinia ukatwe, mwamuzi aangalie matundu yake. Nimewaandikia waandalizi barua ya kurasa mbili kuhusu hayo, na nimeipeleka kwa mkono.

Jana khalati, dada yake mamangu, alikuja. Nilimwamkia, nikampa kadi, akaisoma akiwa ameiweka mbali kidogo na macho.

«Unga uliutia kwa haraka, mwanangu,» akasema, wala hakuniuliza.

Tukaingia jikoni. Nilipiga mayai mimi, yeye akashika chekecheo, na kila niliponyoosha mkono kutaka unga zaidi aliurudisha nyuma mpaka aridhike kwamba ule wa kwanza umeshapotea. Mkate ulipopoa aliupindua juu ya sahani, akabonyeza chini kwa kidole gumba, akanyamaza. Kisha akaniambia nimletee kisu, na nimletee ile kadi pia.