Siku Moja Maishani Mwangu: Mwalimu wa Michezo Anayetazama Miguu

Saa 1:10 asubuhi. Niko uwanjani kabla ya kengele, chaki mkononi. Nachora nyayo mbele ya ukuta: wa kushoto mbele, wa kulia nyuma. Pembeni nachora jozi mbili za kinyume kwa wanaotumia mkono wa kushoto. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilizisahau hizo, na mtoto mmoja akakaa kando kipindi kizima akidhani kasoro ni yake.

Saa 2:00. Darasa la kwanza. Leo ni kuruka kwa mguu mmoja. Wengi hudhani kazi yote ni ya mguu unaokanyaga chini, kumbe ule ulio hewani ndio injini. Mtoto ambaye hajaiva huukunja na kuuacha umening'inia tu. Aliyeiva huubembeza nyuma na mbele, nao unamvuta. Basi nawaambia, "Bembeza!" Tunamalizia na kuruka kwa miguu miwili na kutua. Hapo nafumba macho na kusikiliza. Nikisikia kishindo, najua magoti yamekakamaa.

Saa 3:20. Darasa la pili, kudaka. Yuko binti ambaye mpira ukimjia anageuza uso na kuukumbatia kwa kifua. Ameshaambiwa mara nyingi kwamba ni mvivu, wakati ile ni hofu tupu. Nampa puto. Puto linashuka polepole, halimuumizi, linampa muda wa kulitazama hadi viganjani. Likizoeleka tutahamia mpira laini unaodunda mara moja.

Saa 4:30. Mapumziko. Mwenzangu wa hesabu ananitania kwamba nalipwa kwa kucheza. Namuuliza kama kuna mtoto aliyejua kugawanya kwa sababu tu amerefuka. Kukua kunampa mtoto mifupa na misuli. Kurusha vizuri anafundishwa, kisha anarudia na kurudia. Anacheka, anamalizia chai yake.

Saa 5:00. Darasa la nne, kurusha. Kipindi hiki ndicho kilichoninyima usingizi.

Yuko mvulana anayerusha mbali kuliko wote. Wenzake wanapiga makofi, wanatazama mpira unakoangukia. Mimi natazama miguu: mkono wa kulia, mguu wa kulia. Kiwiliwili hakizunguki hata kidogo, ni bega peke yake linalohangaika. Leo anawashinda kwa sababu ana mwili mkubwa. Wenzake wakishakua, wale wanaopiga hatua kwa mguu wa kinyume, wakatangulia kuzungusha nyonga kisha bega, watampita. Mtafiti wa stadi za mwili za watoto, Vern Seefeldt, aliandika mwaka 1980 kuhusu kizuizi cha namna hii: mtoto asiyeiva katika stadi za msingi, kama kuruka, kudaka na kurusha, hukwama anapofika kwenye michezo yenyewe. Nimewaona wakikwama. Wengi huishia kusema hawapendi michezo.

Zamani nilibandika shabaha ndogo ukutani, nikajiona mbunifu. Kumbe nilikuwa nawaharibu. Ili wasikose, watoto walisimama wakikabili ukuta na kuusukuma mpira kwa kiwiko, bila hatua wala mzunguko. Siku hizi nasema tu, "Upige ukuta mpaka ulie." Mtoto akitaka nguvu, mwili wenyewe unaitafuta hatua. Shabaha itakuja baadaye.

Namsimamisha bingwa wetu kwenye nyayo za chaki. Anarusha mara tano, na zote zinaanguka karibu kuliko kawaida yake. Mtu anacheka. Ananigeukia: "Mwalimu, umeniharibia." Sina jibu zuri. Ni kweli kwamba leo nimemharibia.

Saa 7:30 mchana. Najaza daftari. Nafuata mtindo wa kipimo cha stadi za mwili za watoto cha mtafiti Dale Ulrich, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1985. Toleo lake la tatu lina stadi 13, sita za mwendo na saba za mpira, kwa watoto wa miaka 3 hadi 10. Hakiulizi mpira ulifika wapi. Kinauliza: je, alipiga hatua kwa mguu wa kinyume? Ndiyo ni 1, hapana ni 0. Wazazi hawakipendi sana, maana wao wanataka kujua mtoto kawa wa ngapi.

Saa 9:00 alasiri. Kikao. Kipindi changu cha Ijumaa kinaombwa kwa ajili ya marudio ya mtihani. Nakataa. Tunaendelea na ajenda nyingine.

Saa 10:15. Nakusanya koni. Mvulana yule yuko ukutani na rafiki zake, anarusha kwa mguu wake wa zamani. Mpira unaenda mbali, wanashangilia. Kisha wanaitwa nyumbani, anabaki peke yake. Anatazama huku na huku, anasogea kwenye nyayo za chaki, anaweka mguu wa kushoto mbele.

Nazungukia upande wa pili wa jengo na koni zangu, asinione.