Siku Moja Maishani Mwangu: Fundi Baiskeli wa Sakina

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mlima Meru ukiwa bado umejifunika mawingu hadi kiunoni, huwa nimeshatoa benchi, pampu na stendi ya chuma nje ya kibanda changu kilichopo Sakina, Arusha, kando ya barabara iendayo Namanga. Wapita njia wengi huniita "fundi pancha", na sina ugomvi na jina hilo, kwa kuwa pancha ndizo zilizosomesha watoto wangu. Hata hivyo, tangu walipoanza kufika hapa watu wenye baiskeli za milimani zilizofungwa mabegi kila upande, wanaokwenda porini kulala kwenye hema kwa siku nne au tano, kazi yangu imebadilika kuliko jina langu, na ndiyo maana nimeona niandike siku moja tu, Alhamisi iliyopita, jinsi ilivyokwenda.

Hadi saa tatu ilikuwa zamu ya wauza maziwa na wabeba ndizi: pancha sita, mnyororo mmoja uliokatika, na pedali moja ya kushoto ambayo mwenyewe aliilazimisha kuingia kwa kuizungusha kulia, asijue kwamba nyuzi (mikato ya skrubu) za upande huo zimegeuzwa, akaziharibu. Katikati yao alifika mzee mmoja na Phoenix yake ya inchi 28, spoku tatu za gurudumu la nyuma zikiwa zimekatika. Nilimwamkia, akaitikia, akaniambia kwamba anakwenda kumtazama mgonjwa na ataipitia alasiri. Nikamwambia ataikuta tayari. Naomba msomaji aikumbuke ahadi hiyo, maana mimi mwenyewe niliisahau kwa saa nyingi.

Saa tatu na robo ilisimama bajaji, akashuka kijana mmoja aliyetoka Dar es Salaam kwa basi la usiku, na boksi refu lenye baiskeli. Kesho yake alfajiri alikuwa anaanza safari ya siku nne: Arusha hadi Longido, kisha Ketumbeine, kisha Engaresero chini ya mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai, na kurudi kwa kupitia Engaruka hadi Mto wa Mbu. Alikuwa na karatasi yenye orodha ya mambo ya kufanywa: kupunguza meno ya sproketi ya mbele, kuondoa tyubu ili matairi yatumie dawa ya kuziba matobo, kufunga mabegi, na mwisho kabisa, kwa maandishi madogo, "breki ya mbele iangaliwe kidogo". Akaniambia, "Fundi, ni kazi ya saa moja tu hii." Katika miaka yangu yote nimejifunza kuiogopa sentensi hiyo kuliko ninavyoogopa nyuzi zilizoliwa.

Nilipoitoa baiskeli kwenye boksi, kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba kile kipande kidogo cha alumini kinachoshika mkono wa gia wa nyuma kilikuwa kimepinda kuelekea ndani, bila shaka kwa kubanwa na mizigo chini ya basi. Kipande hicho hutengenezwa kiwe dhaifu kwa makusudi, ili kivunjike chenyewe kabla fremu haijaumia. Ila kikipinda kidogo tu, siku unapoingiza gia nyepesi kuliko zote ukipanda kilima, mkono wa gia huingia kwenye spoku na safari huishia hapo. Nilikinyoosha kwa kifaa chenye mkono mrefu, nikipima umbali kutoka kwenye rimu sehemu nne, na mwenyewe hakuona ninachofanya kwa kuwa alikuwa anapiga picha orodha yake.

Sproketi haikuwa na shida. Tulitoa ya meno 34 tukaweka ya meno 30, na kwa kuwa sproketi kubwa ya nyuma ina meno 51 na matairi ni ya inchi 29, mzunguko mmoja wa miguu ambao awali ulisogeza baiskeli kama mita moja na nusu sasa unaisogeza kama mita moja na theluthi. Kwenye lami tofauti hiyo ni ndogo. Kwenye mchanga, ukiwa na kilo 15 za hema, maji na chakula, ndiyo tofauti ya kuendesha na kusukuma. Mnyororo niliupima, ukawa umelegea kupita kiasi, nikaweka mpya uliofupishwa ili uendane na sproketi ndogo.

Kisha nikaigusa breki ya mbele.

Mkono wa breki ulikuwa unaingia hadi kwenye usukani bila kushika kitu, na ulipoachiwa padi hazikurudi. Gurudumu lilikuwa linasugua. Rangi ya foku, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, ilikuwa imefanya malengelenge karibu na kalipa, yaani kile chuma kinachobana padi kwenye diski. Nilimuuliza kama amewahi kuongeza mafuta ya breki, akasema ndiyo, wiki mbili zilizopita, mwenyewe, baada ya kutazama video. Mafuta gani? "Ya breki." Nikafungua skrubu ya kwenye mkono wa breki na badala ya mafuta mekundu ya madini ambayo Shimano, watengenezaji wa breki hiyo, huyatumia, yakatoka ya manjano. Nilichukua glasi ya maji, nikadondosha tone moja. Mafuta ya madini yangeelea juu. Haya yaliyeyuka na kupotea. Yalikuwa mafuta ya breki za gari.

Nilimweleza kwa upole kadiri nilivyoweza. Mpira wa ndani wa breki za aina hii umetengenezwa uvumilie mafuta ya madini. Ukiuogesha kwa mafuta ya gari huvimba, hulainika, na pistoni hukwama. Si suala la kumwaga na kuweka mengine. Mkono, kalipa na pengine bomba lake vyote vimeshaharibika, na padi zilizonyonya mafuta ni za kutupwa. Arusha nzima, kwa simu nilizopiga, hapakuwa na breki kama ile siku hiyo.

Hapo ndipo asubuhi yangu ilipoanza kurefuka. Mteja alisema mafuta ni mafuta. Akasema rafiki yake amefanya hivyo hivyo na anaendesha hadi leo. Akanionyesha video. Akaniomba nimwage, nisafishe kwa spiriti, nijaze upya "tuone", na kwa sababu aliyelipa nauli ya basi ni yeye, nilifanya. Saa nzima na nusu nilipampu kwa sindano, nikatoa mapovu, nikagongagonga bomba kwa mpini wa bisibisi ili hewa ipande, huku kijana ninayemfundisha akinitazama kwa macho ya kuuliza kwa nini nafanya kitu ambacho nimemkataza yeye mara nyingi. Breki ikashika. Mteja akatabasamu. Nikamwambia akae juu ya baiskeli, aibane kwa nguvu zake zote, ahesabu hadi thelathini. Alipofika kumi na mbili mkono ulianza kuzama polepole, na kwenye kalipa ikaonekana michirizi ya mafuta.

Ndipo nikatoa lile boksi langu la vyuma vya zamani. Humo nilikuwa na kalipa ya diski inayovutwa kwa waya, pamoja na mkono wake, kutoka kwenye baiskeli ya milimani iliyopinda fremu. Alipoiona alikunja uso. "Fundi, unanirudisha nyuma. Nimekuja kuboresha baiskeli, wewe unaishusha."

Sikukasirika kwa kuwa hata mimi zamani niliamini kwamba kuboresha ni kupanda bei. Nikamuuliza: hii yako ya mafuta ikikufia Ketumbeine, nani ataifungua? Waya wa breki unauzwa karibu kila duka la vipuri vya baiskeli na pikipiki hadi Engaruka, na fundi yeyote mwenye koleo na spana namba 10 anaweza kuufunga chini ya mti. Breki ya mafuta ni bora, ni laini, inasimamisha kwa kidole kimoja, nami naipenda. Ya nyuma ilikuwa nzima na nikaiacha ilivyo. Ila kutoka Arusha iliyo kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari hadi bonde la Ziwa Natron, iliko Engaresero, lililo kama mita 600 kuna materemko mengi, na kwenye mteremko breki ya mbele ndiyo inayobeba kazi kubwa. Alinyamaza, akaniuliza bei. Nikamwambia ufundi wote wa siku ni shilingi 90,000, vipuri kando. Akasema Dar ni 30,000. Nikamwambia ni kweli, na Dar ndiko ilikotoka na haya mafuta. Kijana wangu alicheka, mteja hakucheka, lakini alikubali.

Saa sita, au saba, umeme ulikatika.

Kwa pancha za kawaida umeme hauna maana. Lakini tairi lisilo na tyubu huhitaji upepo mwingi uingie kwa mkupuo mmoja ili kingo zake zipande na kukaa kwenye rimu. Pampu ya miguu hupuliza, na upepo wote hutokea pembeni. Tulijaribu kupaka maji ya sabuni, tukajaribu kufunga mpira katikati ya tairi ili kingo zitanuke, tukapampu kwa zamu hadi mashati yakaloa. Mwishowe niliyabeba magurudumu yote mawili mabegani hadi kwa watu wa matairi ya malori, ambao kompresa yao inaendeshwa kwa injini. Kijana wa pale amezoea matairi yanayojazwa zaidi ya psi 100 kwenye geji, na haya yangu hayapaswi kupita 40 hata wakati wa kupandisha. Nilisimama na mkono juu ya mkono wake, nikimwambia "basi, basi, basi" kila sekunde. Mlio wa kingo zinapokaa, pa! pa!, ni mlio mzuri sana mtu akiwa amechoka. Nikarudi, nikaweka mililita 120 za dawa kwa kila tairi, nikalizungusha, nikalilaza upande huu na upande ule, nikashusha upepo hadi 25. Miiba ya migunga kati ya Longido na Natron haihesabiki. Dawa hii huiziba midogo, na kwa mikubwa nilimpa vipande vya mpira vya kuchomeka na tyubu mbili za akiba.

Mlo wa mchana ulikuwa chapati mbili na chai iliyopoa.

Kufunga breki ya waya kulichukua muda kidogo kuliko mabishano yake. Diski niliisugua kwa spiriti, nikaweka padi mpya, nikampeleka mteja kwenye barabara ya vumbi nyuma ya nyumba na kumfanya abane breki mara ishirini kutoka kwenye mwendo, kwa sababu padi mpya haishiki mpaka ifundishwe. Nilimwonyesha kitufe cha kusogeza padi zinapolika, nikamfanya akizungushe mwenyewe, mara tatu, bila mimi kumshika mkono. Hapo kwa mara ya kwanza aliacha simu mfukoni.

Mabegi yana elimu yake. Hema na nguo, vitu vikubwa na vyepesi, hukaa kwenye usukani na nyuma ya kiti. Maji na vyuma, vitu vizito, hukaa katikati ya fremu, chini kadiri inavyowezekana. Yeye alikuwa ameweka chupa za maji nyuma ya kiti, na baiskeli ilikuwa inatikisa mkia kama ng'ombe anayefukuza nzi. Tulifungua, tukafunga upya. Kila mahali ambapo mkanda unagusa fremu nilibandika utepe mgumu, maana vumbi likiingia chini ya mkanda husaga rangi na hata chuma kama msasa. Mnyororo niliufuta mafuta mazito aliyokuwa ameyamwaga kwa ukarimu, nikaupaka nta, kwa kuwa vumbi la majivu ya Lengai likikutana na mafuta mazito hugeuka kuwa uji wa kusagia meno ya sproketi. Mwisho nilimfungia kwenye kopo dogo waya mbili za breki, kiungo cha mnyororo, padi, na kipande kingine cha kushika mkono wa gia.

Kiza kilikuwa kimeshaingia alipolipa. Alihesabu noti polepole, akaongeza elfu tano, akaniomba nimtunzie ile breki iliyoharibika hadi atakaporudi, sijui kwa nini. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka kwa kupampu, na nilikuwa nimeshaanza kuingiza benchi ndani nilipomwona mzee amekaa juu ya tofali, fimbo kati ya magoti, akiitazama Phoenix yake iliyoegemea ukuta vilevile nilivyoipokea. Alikuwa pale tangu saa kumi na moja. Hakutaka kunikatiza.

Nilimwomba radhi kwa maneno ambayo hayakutosha, akasema, "Si kitu, mwanangu, nimeona una mgeni." Kisha akauliza, akimaanisha yule kijana na mabegi yake, "Anahamia wapi?"

Kijana wangu alinishikia tochi ya simu. Watu hudhani gurudumu la inchi 29 ni kubwa kuliko la 28, lakini rimu ya Phoenix ina kipenyo cha milimita 635 na ile ya asubuhi 622, hivyo spoku za kisasa nilizokuwa nazo mezani hazikumfaa. Nilizitafuta zake chini kabisa ya boksi. Nilitoa tairi, nikavuta zilizokatika, nikaingiza tatu mpya, nikazikaza nusu mzunguko kwa nusu mzunguko, nikizigonga kwa ukucha kusikiliza kama zinalia sauti moja na wenzake. Breki za baiskeli ile ni za vyuma vya kuvuta, hazina waya wala mafuta; nilizibana mara mbili, zikashika. Nilikataa pesa yake. Akaiweka juu ya benchi, akapanda baiskeli, na kengele yake niliisikia hadi ng'ambo ya barabara.