Baada ya "Nzuri" Huja "Ila"

Ukiulizwa habari za nyumbani, jibu la kwanza ni "nzuri", hata kama ndani ya nyumba hiyo kuna mgonjwa mahututi. Aliyeuliza anajua kwamba mazungumzo bado hayajaanza, kwa hiyo husubiri. "Nzuri, ila mtoto hakulala." "Salama, ila mzee amelazwa." Nimekulia Tanga katika utaratibu huo wa adabu, na sikuwahi kufikiri kwamba ungeweza kumchelewesha mtu kupata tiba, mpaka nilipoketi mbele ya daktari hapa Sheffield, Desemba ya mwaka wangu wa pili Uingereza. Aliniuliza hali yangu, nikamjibu kwamba ni nzuri, naye akaandika kwenye kompyuta kwamba ni nzuri. Hakusubiri "ila", maana katika lugha yake haitarajiwi.

Wakati huo nilikuwa nafanya zamu za usiku katika nyumba ya kulelea wazee. Nilitoka kazini kungali giza, nikalala, na nilipoamka jua lilikuwa linakaribia kuzama, kwa kuwa mwezi huo hapa huzama kabla ya saa kumi jioni. Chakula hakikuwa na ladha tena. Siku moja nilijikuta nimekaa ukingoni mwa kitanda, mguu mmoja una soksi, soksi ya pili iko mkononi, na nilipotazama saa nikaona kwamba saa nzima imepita. Mama alipopiga simu ya video nilinawa uso, nikajifunga kilemba vizuri, nikamwambia huku salama. Fedha za kila mwezi zilikuwa zinafika, basi naye hakuwa na sababu ya kuuliza zaidi.

Kwa daktari nililalamikia kichwa kizito, mgongo, na moyo kwenda mbio. Sikuwa nasema uongo, kwani ndivyo Kiswahili chetu kinavyoieleza huzuni, kwa kuiweka mwilini. Vipimo vya damu havikuonyesha kitu. Neno "sonona", yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, nilikuwa nimelisoma magazetini, lakini mtaani kwetu hakuna aliyelitumia; mtu wa namna yangu husemwa kuwa "ana mawazo", na mawazo hayapelekwi hospitali. Mbele ya mawazo kulikuwa na wazimu tu, na hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe kule Dodoma, ambayo jina lake tulilitumia utotoni kutukanana, Mungu atusamehe. Kati ya mawazo yasiyohitaji daktari na Mirembe tuliyodhani mtu harudi, hatukuwa tumeacha nafasi ya mtu anayeumwa, anayetibika, na anayekwenda kazini kesho yake.

Mwenzangu kazini, Mkenya, ndiye aliyenieleza kwamba katika huduma ya afya ya umma hapa, yaani NHS, mgonjwa anaweza kuomba mkalimani bila kulipa. Kiingereza changu kilinitosha kumgeuza mzee kitandani na kuandika ripoti ya zamu, lakini hakikunitosha kusema yaliyo moyoni. Mkalimani wa kwanza alikuwa mtu ninayekutana naye kwenye shughuli za Waswahili mjini, na mbele yake nilijibu kila swali kama mtu mzima wa afya. Safari iliyofuata niliomba mkalimani wa simu, nisiyemjua wala kunijua. Ikaja sauti ya mwanamume mwenye Kiswahili cha Kongo, pole na makini.

Muuguzi alinisomea hojaji ya kupima sonona iitwayo PHQ-9, yenye maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila jibu likipewa alama kuanzia 0 hadi 3. Nilimwambia kwamba nina mawazo mengi. Mkalimani akatafsiri neno kwa neno, na muuguzi akauliza kama huwa nasikia sauti za watu wasiokuwepo. Hapo yule bwana aliomba ruhusa ya kueleza: kwetu, mtu akisema ana mawazo, anasema kuna jambo limemlemea hadi amekosa usingizi. Muuguzi akaweka kalamu chini na kuniangalia. Swali la tisa huuliza kama katika wiki hizo umeona ni heri ungekufa. Nilinyamaza, kisha nikasema ndiyo, na mbingu hazikuanguka. Kati ya alama 27 nilipata 17.

Nilipewa sertraline, dawa ya sonona, ambayo haifanyi kazi kama panadoli. Siku za kwanza ilinitia kichefuchefu, na nafuu niliianza kuiona baada ya wiki kadhaa. Pamoja na dawa, nilikutana na mnasihi kila wiki, tukachambua tatizo moja moja na kuchagua hatua ndogo ya kwanza: kutoka nje mchana robo saa, siku tatu kwa wiki. Baadaye nilisoma kwamba daktari Dixon Chibanda wa Zimbabwe aliwafundisha bibi wazee wa mitaani kufanya jambo linalofanana na hilo, wakiwa wamekaa benchini na mgonjwa, na kwamba Washona huuita ugonjwa huu *kufungisisa*, yaani kufikiri kupita kiasi. Nililia niliposoma, kwa sababu hayo ni mawazo yetu yale yale, na kumbe yanatibika na mtu anayekaa na kusikiliza.

Kwa walioko England, inafaa kujua kwamba mtu mzima aliyesajiliwa na daktari wa familia anaweza kujipeleka mwenyewe kwenye huduma ya unasihi ya NHS bila kupitia kwa daktari huyo. Nilichelewa karibu mwaka mzima kwa kutolijua hilo.

Mama nilimwambia mwezi Machi. Aliuliza habari za huku, nikasema, "Nzuri, ila naumwa, mama. Naumwa mawazo, na nameza dawa." Alinyamaza kiasi cha kusikika jogoo wa jirani. Kisha akasema, "Haya, mwanangu, nieleze." Usiku ule alinisomea Yasini. Asubuhi yake alipiga tena, akauliza kama dawa nimemeza kabla au baada ya kula.