Kipele cha puani

Jumapili usiku. Nimetoka kumwekea mama matone ya jicho ya saa tatu. Ni mwezi wa nne sasa siku zetu zinakwenda kwa matone.

Ilianza na kichwa. Upande wa kushoto tu, tangu kwenye nyusi hadi utosini, ukimwaka kama umepakwa pilipili, hata kitana hakigusiki. Tukadhani ni presha. Tukapima, iko sawa. Siku ya tatu malengelenge yakatoka kwenye paji la uso, yakakoma katikati kabisa kama mtu kachora mstari. Jirani alipoingia tu akasema: mkanda wa jeshi. Mimi mkanda niliujua wa kiunoni na mbavuni. Wa usoni sikuwahi kuuona.

Mama akakataa kwenda hospitali. Hakusema kwa nini, lakini nilijua. Sisi tuliokua miaka ya 1990 tunakumbuka: mtu akitokwa na mkanda, minong'ono ilianza siku hiyo hiyo. Ni kweli kinga ikishushwa na VVU mkanda hutoka kirahisi. Ila umri nao hushusha kinga, na mama ana miaka 67. Kirusi chenyewe ni kile cha tetekuwanga. Ukiugua utotoni ukapona, hakiondoki. Hujificha kwenye mishipa ya fahamu miaka na miaka. Kwa mama kiliamkia kwenye mshipa wa paji la uso na jicho.

Siku ya tano akakubali. Kwenye zahanati tukapewa losheni na vidonge vya maumivu. Hakuna aliyeuliza habari za jicho. Na kwenye ncha ya pua palikuwa na kipele kimoja, kama punje ya mtama. Nilikiona kwa macho yangu. Nikakipaka losheni.

Wiki ya pili jicho likawa jekundu, mwanga unamchoma. Daktari wa macho, kabla hajawasha taa yake, aligusa ncha ya pua yake mwenyewe: "Mama, hapa palitoka kitu?" Akatueleza kwamba mshipa unaofika puani hapo ndio huo huo unaopeleka matawi ndani ya jicho. Kipele kikitoka hapo, jicho liko hatarini hata kama bado ni jeupe. Daktari Mwingereza, Jonathan Hutchinson, aliliona hilo tangu karne ya 19! Na vidonge vya asiklovia, dawa ya kukizuia kirusi hicho, miligramu 800 mara tano kwa siku, hufaa zaidi vikianzwa ndani ya saa 72 tangu upele utoke. Nilihesabu kwa vidole pale pale kwenye benchi.

Sasa kioo cha jicho kina kovu, na kila tukienda kliniki hupimwa presha ya jicho. Linaloniogopesha zaidi ni ganzi. Daktari aligusa kile kioo kwa ncha ya pamba, na mama hakupepesa. Jicho lisilosikia likiingia vumbi halimwambii mwenyewe, na kidonda huchimba kimyakimya.

Kwa hiyo kila usiku namulika kwa tochi.

"Unatafuta nini, mwanangu?"

"Kidonda, mama."

"Kingekuwepo si ningesikia?"

"Usingesikia, mama."

Akanyamaza kidogo, kisha akalivuta kope mwenyewe ili nione vizuri.