Kusi nenda Pangani, Kaskazi nenda Duga

Ami yangu wa Kigombe ana miaka sita hajaenda baharini, goti limekataa. Lakini kila nikimpigia simu kumwambia Jumamosi nakuja na baiskeli, huniuliza kwanza: "Upepo wa wapi huko kwenu?" Zamani nilikuwa najibu, "Wa baharini, ami," naye ananyamaza kidogo. Siku hizi kabla ya kumpigia natoka uani kutazama kanga zinavyolala kwenye kamba.

Naendesha baiskeli Tanga tangu nina miaka tisa. Kwetu hapa mwanamke juu ya baiskeli si habari ya kusimulia. Mama alikuwa akipeleka vitumbua kutoka Makorora hadi mjini akiwa na buibui lake, beseni kwenye keria, pindo la mbele amelikunja na kulibana kwa kibanio cha nguo ili lisiingie kwenye cheni. Kilikuwa kibanio cha mbao, meno yake yamelainika kwa mafuta na kugeuka meusi. Ninacho mpaka leo, nabania mguu wa kulia wa suruali.

Baiskeli ya resi nimeipata miaka minne tu iliyopita. Ni mtumba wa Kijapani, tairi za milimita 28, usukani wenye pembe zilizopinda chini. Hiyo ndiyo iliyonitoa mjini. Na ndiyo iliyonifundisha kwamba hii "tambarare" wanayotusifia wageni ina milima yake, ila haionekani kwenye ramani.

Mwaka juzi, mwezi wa Januari, nilitoka Chumbageni saa kumi na mbili asubuhi, peke yangu, kwenda Pangani. Kilometa 50. Sijawahi kwenda vile. Machui nikaipita sijatoka jasho, Tongoni nikaiona mapema mno, nikajiambia mazoezi yamekubali. Nilikuwa nasikia cheni tu, ile sauti yake nyembamba ya kusaga, na matairi juu ya changarawe. Upepo sikuusikia hata kidogo. Sasa najua kwamba hiyo ndiyo dalili yenyewe: ukiwa nao mgongoni, mnakwenda pamoja, masikio yanatulia, unadhani hakuna upepo.

Pangani nikanywa chai kwa chapati mbili, nikakaa nikitazama pantoni likivusha watu kwenda Bweni, maji ya mto yakiwa rangi ya maziwa ya chai. Saa nne nikageuza usukani kurudi nyumbani.

Kaskazi, upepo wa msimu utokao kaskazini, ilikuwa imeamka. Kifua kizima kilisukumwa kama na mkono wa mtu. Gia niliyokuja nayo haikuzunguka, nikashusha moja, nikashusha nyingine, mwisho nikawa naendesha kama napanda kwenda Lushoto, na barabara mbele yangu imenyooka sawasawa. Jua la utosi, vumbi, midomo ina chumvi. Kabla ya Kigombe chupa zote mbili zilikuwa tupu.

Ami alikuwa barazani anashona wavu. Nikamwamkia, "Shikamoo ami," sauti haitoki vizuri. "Marahaba mwanangu," akasema, kisha akanitazama usoni, kwenye ile michirizi myeupe ya chumvi, akamwita mjukuu alete dafu. Nilipomaliza la pili ndipo aliposema: "Nani alikwambia uende demani asubuhi, halafu urudi joshini jua la saa sita?"

Kwa wasiokulia pwani: joshini ni upande unakotoka upepo, demani ni upande unakokwenda. Ami alichukua kijiti akachora kwenye mchanga. Ngalawa ikitaka kwenda inakotoka Kaskazi haiendi moja kwa moja, inapiga bisho, inakata huku, inageuza tanga, inakata kule. Akachora zigizaga ndefu. Kisha pembeni akachora mstari mmoja ulionyooka. "Huyu ni wewe. Wewe huna bisho, barabara ni moja. Wala huna tanga, una magoti tu. Basi joshi lifanye kwanza, ukiwa bado na nguvu. Demani ndiyo ikurudishe nyumbani."

Siku ile nilirudi Tanga na daladala, baiskeli juu ya keria, na nikalipa nauli ya watu wawili. Kilichoniuma zaidi ni kwamba mambo haya kila mvuvi wa Sahare au Mwarongo anayajua tangu utoto, nami nimeishi nao maisha yangu yote nikidhani ni ya vyombo vya bahari peke yake.

Tangu hapo njia zangu nazipanga kwa msimu. Kuanzia Desemba hadi Machi, Kaskazi ikivuma, nakwenda kaskazini. Barabara ya Horohoro ni kilometa 65 za lami mpaka mpakani, iliyojengwa kwa fedha za msaada wa Marekani, na ni lami nzuri kweli. Unatoka Chumbageni, unapita Amboni, unavuka Mto Zigi, kisha Mabokweni, na baada ya hapo magari yanapungua. Si tambarare kabisa, kuna vipandio vidogo vidogo, lakini huvioni kwa sababu muda wote unapigana na kilicho mbele ya uso. Mimi huishia Duga, nanunua machungwa, nageuza. Kurudi ni raha tupu. Angalieni tu malori ya mpakani, hasa yanapopishana, na wenye baiskeli za mizigo ya mkaa ambao wana haki ya barabara kuliko mimi.

Kusi, upepo wa msimu utokao kusini, inapoanza, Aprili na kuendelea, na ikikaza mwezi wa Juni na Julai, ndipo nakwenda Pangani. Njia hii naipenda zaidi. Tangu kazi ya lami ianze huku haitabiriki, leo utateleza juu ya lami mpya, kesho mchepuko wa udongo mwekundu, kwa hiyo mwenye tairi nyembamba kama zangu abebe tyubu mbili na viraka. Miiba nayo haikosekani. Kwenye minazi unapata nafuu, mashina yanavunja upepo na kivuli kinakuja na kuondoka usoni. Ukitokeza kwenye mashamba ya mkonge, ambako hakuna kinachozidi kimo cha mtu, Kusi inakupata yote.

Tongoni, kilometa 17 kutoka mjini, husimama kila safari. Msikiti wa kale na makaburi yake zaidi ya arobaini, ya karne ya 14 na 15, mengine nguzo zake zimeanguka, mibuyu imezunguka na mikoko iko chini kidogo. Ni mahali pa kukaa kimya na kunywa maji. Vasco da Gama alipita maji haya mwaka 1498 akielekea Malindi, na meli yake moja, São Rafael, ikakwama kwenye fungu. Januari 1499, wakati wa kurudi, wakaichoma moto huku huku kwetu kwa kuwa mabaharia waliobaki hawakutosha kuendesha meli zote. Zamani niliisoma habari hii kama tarehe tu za mtihani. Sasa naona Januari naona Kaskazi: walikuwa wanashuka kusini na upepo mgongoni, kama mimi siku ile.

Kuna jambo la hesabu pia, wenzangu wa kikundi chetu cha baiskeli hawaliamini mpaka wakutane nalo. Kasi ya upepo unaokupiga ikiongezeka mara mbili, nguvu inayokurudisha nyuma inakuwa mara nne. Ndiyo maana kwenye Kusi kali usishindane na saa. Kaa nyuma ya mwenzako, gurudumu lako karibu na lake, na mbadilishane kila baada ya dakika chache. Upepo ukija wa ubavuni, usijipange nyuma yake moja kwa moja; sogea kidogo upande wa demani, hapo ndipo kinga ilipo. Fanyeni hivyo pale tu barabara ni tupu.

Na toka mapema. Alfajiri nchi kavu imepoa, upepo umelala. Kuanzia saa nne hivi ardhi inapashika moto na upepo wa bahari unaongezeka juu ya ule wa msimu. Mimi natazama minazi: makuti yakiwa yananing'inia, nina muda, yakilala upande mmoja yote kama nywele zilizochanwa, najua kazi imeanza.

Ukifika nyumbani, kabla hujaoga wewe, iogeshe baiskeli. Hewa yetu ina chumvi, na cheni ikilala nayo siku mbili inaota kutu ya rangi ya manjano. Kitambaa chenye maji baridi, ikaushe, kisha matone machache ya mafuta ya cherehani, moja kwenye kila pingili, ukizungusha pedeli kinyume polepole. Inachukua robo saa. Cheni niliyonayo ni ya pili tu.

Wiki hii ni tangambili, kipindi cha upepo kubadilika kati ya Kusi na Kaskazi. Kanga uani jana zililala upande huu, leo asubuhi zimening'inia tu, jioni zikageuka. Nimempigia ami. Amesema Kaskazi itaingia kabla ya mwezi kuandama, na kwamba kama nakwenda Duga nimpitishie machungwa wiki ijayo, yale madogo yenye ganda jembamba. Jumamosi natoka Chumbageni saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mwenye taa ya mbele na ya nyuma anaweza kuja.