Siku yangu na Amiga 500: ninalipwa kuchafua ngoma

Saa tatu asubuhi. Bristol leo baridi inang'ata masikio. Hata koti sijavua, nimeshawasha Amiga 500, kompyuta yangu ya zamani. Mashine ya mwaka 1987 hii. Yangu imeongezewa memori ikafika megabaiti 1, na bado picha moja ya simu yako huenda isiingie humo.

Saa nne dogo mmoja anayetengeneza jungle, muziki wa dansi wa ngoma za kasi, kaleta mdundo wake. "Kaka, ngoma zimekuwa safi mno. Nichafulie."

Saa tano ndiyo kazi yenyewe. Ngoma zake nazipandisha oktava moja kwenye laptopu, halafu nazipitisha kwenye kinasa sauti kilichochomekwa tundu la printa la Amiga. Zikishaingia, nazishusha zilikokuwa. Kwa kupandisha, sauti inakuwa fupi nusu na memori inaliwa nusu. Uchafu unakuja wakati wa kushusha: Paula, chipu ya sauti ya biti 8, haina habari ya kulainisha. Inashikilia kila kipande mpaka kingine kifike, kwa hiyo mawimbi yanatoka na ngazi ngazi. Snea, ile ngoma yenye mlio mkali, iliyoingia kama snea inatoka kama debe lililopigwa teke kwenye changarawe. Vijana wa jungle wa hapa Uingereza miaka ya mwanzo ya 1990 walitumia Amiga kwa sababu sampula, yaani mashine za kunasa na kucheza vipande vya sauti, za studio kubwa zilikuwa ghali. Leo watu wananilipa niwarudishie huo umaskini.

Halafu kuna ile taa ndogo ya Amiga inayoonyesha kuwa imewashwa. Imeunganishwa na chujio linalopunguza sauti nyembamba za juu: chujio likiwaka, taa inang'aa, ukilizima, inafifia. Nalizima. Taa inafifia, na hi-hati, yale matoazi ya ngoma, zinalipuka kama dagaa waliomwagwa kwenye mafuta ya moto.

Saa saba, wali wa jana.

Saa nane skrini imekuwa nyeusi, kisanduku chekundu kinapepesa: Guru Meditation. Kufa kwa Amiga huko. Na mimi, mjinga, tangu saa tano sijahifadhi chochote kwenye flopi! Nimeanza upya huku najitukana. Snea ya pili nimeikosea, nimeishusha kupita kiasi, ikatoka mbaya kuliko ya kwanza. Nimeiacha hivyo hivyo, ni tamu.

Saa kumi na moja narekodi kurudi kwenye laptopu. Chaneli ni 4 tu, mbili zinatokea kushoto na mbili kulia, katikati hakuna kitu. Programu za kuiga sauti hii zipo, ninazo mbili, na nikiwa na haraka nazitumia bila aibu. Ila kwenye laptopu huwa naishia na hi-hati 15 zisizo na kazi. Huku ya tano haina pa kukaa.

Saa moja jioni dogo kasikiliza, kacheka, kaomba irudiwe. Inarudiwa kwa sauti kubwa, na mama anapiga simu kutoka Tanga.

"Mwanangu, spika zimeungua?"

"Hapana mama, ndiyo kazi yenyewe hiyo."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama nimekula.