Jumapili Niliyoliweka Gitaa Chini

Nilikuwa katikati ya pambio la sifa, vidole vimeshapanda nyuzi za juu, nilipomwona ndugu mmoja. Ameketi safu ya pili, ameng'ang'ania benchi kwa mikono miwili, macho ameyafumba, jasho linamtoka. Kabla pambio halijaisha, akainuka akatoka nje.

Alikuwa ameokoka miezi michache tu. Miaka mingi alipiga muziki kwenye mabaa, na pombe nusura immalize.

Baada ya ibada alinivuta pembeni. "Ndugu yangu, nisamehe. Wewe hujakosa kitu. Lakini gitaa likilia vile, naisikia bia mdomoni. Humuhumu kanisani."

Nilimpa pole, ila moyoni nilichukia. Kosa langu nini? Zaburi ya 150 si inataka Bwana asifiwe kwa zeze na kinanda? Siku tatu nzima nilikuwa najipangia hoja, na zote zilikuwa za kweli. Hilo ndilo lililonisumbua.

Jumatano ilikuwa zamu yangu kufundisha 1 Wakorintho 8. Sura hiyo naijua vizuri, lakini safari hii ilinikamata. Wale Wakristo wa Korintho wenye maarifa walisema sanamu si kitu, kwa hiyo nyama iliyotolewa kwa sanamu ni nyama tu. Paulo hawapingi! Anakubaliana nao kabisa, kisha anasema kama chakula kinamkwaza ndugu yake, hatakula nyama milele. Sura ya 9 anazidi kubana: anathibitisha kwamba ana haki ya kutunzwa na kanisa, halafu anaikataa. Huko huko Korintho alishona mahema pamoja na Akila na mkewe Prisila apate riziki. Kumbe kuwa na haki hakukumaliza neno. Nilisoma mstari wa 11 wa sura ya 8, kwamba ndugu aliye dhaifu ni mtu ambaye Kristo alikufa kwa ajili yake, sauti ikanikatika mbele ya watu.

Usiku ule ule nilimwambia mwalimu wa kwaya kwamba sitapiga kwa sasa. Sikumweleza sababu, wala yule ndugu sikumwambia kitu.

Jumapili iliyofuata kinanda kilipiga peke yake. Nilikaa na waumini, vidole vya mkono wa kushoto vikibonyeza nyuzi zisizokuwepo juu ya paja langu. Iliniuma, sitaficha. Mbele yangu, safu ya pili, yeye alikuwa amesimama anaimba, na hakutoka mpaka baraka za mwisho.